Shangazi, kijana wa posta nimpe sikukuu yake?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mabatini hapa Mwanza, juu kule kwenye mawe ambako hata bodaboda inaishia dukani chini. Kaka yangu yuko Ohio Marekani na mwaka huu katuma vifurushi vitatu, nguo za watoto na miwani ya mama mkwe, na mara zote tatu kijana wa posta kanipigia simu alafu kapanda mwenyewe mpaka mlangoni, jua la saa saba, mzigo begani. Sasa Krismasi hiyo inakuja. Kaka anasema kwao watu wanamwekea mtu wa posta bahasha ya hela kwenye boksi la barua mwezi wa 12 na ni kawaida tu. Mi nilitaka nimpe sh. 10,000. Mume wangu kaja juu, anasema hiyo ni rushwa nitamponza mtoto wa watu. Mama mkwe nae anasema mtu aliyepanda mawe yote yale haondoki mikono mitupu. Nipo katikati hapa, nifanyeje?
Mama wa Watatu, Mabatini

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla hujatoa, maana wengi wetu tunatoa kwanza alafu ndo tunaanza kujiuliza.

Nikujibu moja kwa moja. Hela usimpe. Chakula mpe, tena kizuri. Na kuna kitu cha tatu nitakwambia mbele ambacho kwa maoni yangu kinazidi vyote viwili. Ila ngoja nikueleze vizuri maana mama mkwe hatakuelewa ukienda kumwambia tu "shangazi kakataa".

Tuanze na kaka yako. Anachokiona kule ni kweli watu wanakifanya, ila siyo kwamba kinaruhusiwa. Posta ya Marekani ni ya serikali, na kanuni zao zinasema mfanyakazi wa posta hapokei hela taslimu kutoka kwa mteja, hata dola moja, wala hundi, wala kadi ya zawadi inayoweza kubadilishwa ikawa hela. Anachoruhusiwa ni zawadi isiyozidi thamani ya dola 20 kwa tukio moja kama hiyo Krismasi, na kwa mwaka mzima kutoka kwa mteja mmoja zisizidi dola 50. Kwahiyo biskuti za kuoka nyumbani sawa, glovu za baridi sawa, bahasha hapana. Watu wanaweka bahasha kwa sababu hawajui au kwa sababu jirani kaweka, na yule anayepita na begi la barua ndo anabaki na mtihani, airudishe amuudhi mteja au aichukue avunje kanuni za kazi yake. Mwambie kaka yako na yeye ajue.

Kwenye nchi nyingine ni tofauti. Ufaransa mwisho wa mwaka mtu wa posta anapita mlango kwa mlango na kalenda za mwaka mpya, unachukua kalenda unampa unachojisikia, na mtaa mzima unajua ndo siku yake hiyo. Uingereza walikuwa na desturi ya boksi la Krismasi tangu karne nyingi, wafanyakazi wa ndani na vijana wa madukani na wapeleka barua wanapewa chochote kuwashukuru kwa mwaka mzima, na kwa maelezo ya wengi hapo ndipo lilipotoka jina la Boxing Day, hii hii tarehe 26 Desemba ambayo na sisi tunapumzika. Huku kwetu wengi tunajua ni siku ya ngumi kwa sababu mapambano ya ndondi yanapangwa siku hiyo, lakini boksi lenyewe ni la zawadi.

Sasa kwetu desturi hiyo haipo, na ukifikiria utaona kwa nini. Mtu wa posta hakuwahi kuwa na mlango wetu. Sisi ndo tulikuwa tunamfuata. Familia nzima, ukoo mzima, wengine shule nzima, tunatumia S.L.P. moja, mwenye ufunguo anaenda mjini anafungua kisanduku anarudi na barua za mtaa. Mambo ya namba kwenye nyumba na vibao vya majina ya mitaa tumeyaona kwa wingi 2022, kabla ya ile sensa ya tarehe 23 Agosti. Kwahiyo kijana wako anayepanda mawe ya Mabatini ni mgeni wa aina mpya kabisa, na wewe ni miongoni mwa watu wa kwanza huko juu kuamua atapokelewaje. Ndo maana nalichukulia swali lako kwa uzito. Mtaa mzima utafuata mlichoanzisha nyie wa kwanza.

Mume wako hajakosea. Shirika la Posta ni la umma, na kijana ni mtumishi wa umma. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamgusa anayepokea na anayetoa, wote wawili, na haiangalii tu kile kinachotolewa kabla ya kazi kama kishawishi, inataja hata kinachotolewa baada ya kazi kama malipo. Kwahiyo ile hoja ya "ah mi nimempa ameshamaliza" haikuokoi yenyewe. Kinachotazamwa ni kama kuna nia ya rushwa ndani yake. Wewe nia hiyo huna, naiona kwenye barua yako, lakini noti ya elfu kumi iliyokunjwa haina mdomo wa kujieleza, na siku akiulizwa ofisini ulizipata wapi atasema nini?

Na mama mkwe nae hajakosea, kwa sababu ukarimu siyo rushwa. Ila nchi hii tulishajaribu kuvichanganya hivyo viwili tukaona matokeo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yani mgombea akikirimu watu kwa nia njema kijadi isihesabike rushwa. Waliokuwepo wanakumbuka ubwabwa uliolika na kanga zilizogawiwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vile vifungu kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, maana mwenye nacho anakirimu na asiye nacho anabaki anatazama. Hapo kwenye asiye nacho ndo kuna jibu langu lote, na mi nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilikuwa nauza vitambaa, mzigo wangu ukawa unapitia ofisi moja ya kupokelea mizigo hapa mjini, jina nitaliacha. Kulikuwa na kijana pale dirishani mchangamfu mno, nikifika tu "mama yangu karibu", mzigo uko tayari. Nikawa namwachia sh. 2,000 ya soda. Hakuniomba hata siku moja, nilitoa mwenyewe kwa roho safi kabisa, nikienda natoa nikienda natoa. Desemba moja nimefika foleni imetoka mpaka nje, kijana kaniona kule nyuma kaniita kwa mkono nipite mbele, na mimi nikapita. Nikapita pembeni ya bibi mmoja ana kikapu cha ukindu, kandambili moja ya bluu moja nyekundu, ile karatasi ya kuchukulia mzigo kaishika na vidole viwili kama kitu kinachoweza kuvunjika. Katoka Kisesa tangu alfajiri. Mi nikapewa wangu, nikawa pembeni nafunga kamba. Zamu ya bibi ikafika, akaambiwa mzigo haujaonekana arudi kesho. Bibi akasimama. Alafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "au mjukuu wangu mpaka niwe na ya soda?"

Kijana hakujibu, akaangalia chini. Mwanangu ile soda ilikuwa ni ya kwangu. Ile bei aliipanga nani kama siyo mimi? Nilikuwa nimemfundisha yule mtoto, elfu mbili elfu mbili, kwamba dirisha lake lina thamani, na aliyekuja kulipa ni bibi wa Kisesa ambaye wala hatujuani. Nilirudi nyumbani na vitambaa vyangu sikuvifungua siku mbili.

Kwahiyo kila ukitaka kutoa kitu kwa mtu wa kazi ya umma jiulize ni nani yuko nyuma yako kwenye foleni. Huko Mabatini foleni haionekani lakini ipo. Kuna yule mama wa nyumba ya juu yako anayeuza karanga, na yeye mtoto wake akimtumia kitu kijana atapanda? Au atasema mawe ni mengi njoo ukichukue mwenyewe, kwa sababu kule kwa mama wa watatu kuna elfu kumi na kwa huyu hakuna?

Sasa nikwambie chakula kinatofauti gani. Nilikuwa na mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa posta Nansio kule Ukerewe miaka ya 80, enzi Posta na Simu bado shirika moja kabla hawajagawanywa 1994. Gunia la barua linakuja na meli kutoka Mwanza, na Desemba ndo kulikuwa na manioda, watoto walioko Dar na Mwanza wanawatumia wazazi hela ya sikukuu. Kina mama wanakaa kibarazani kuanzia asubuhi wanasubiri meli. Nilikuwa likizo kwake nikaona kwa macho yangu, mama mmoja kachukua manioda yake, kahesabu, katoa noti moja kairudisha juu ya kaunta kasema "hii ya kwako baba". Mjomba akaifunika kwa kiganja akaisukuma kurudi, bila kusema neno, akaita jina linalofuata. Kesho yake yule mama akarudi na jogoo, kafungwa miguu na kipande cha kanga. Mjomba alitoka nyuma ya kaunta, akampokea kwa mikono miwili, akapiga na goti kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa, wabeja sana mama, wabeja. Jogoo yule alichinjwa palepale nyuma ya ofisi, na mchuzi wake ukaliwa na karani, mlinzi, mbebaji wa magunia na wale kina mama waliokuwa bado wanasubiri meli iliyochelewa. Mama mwenye jogoo nae alikula. Nakumbuka tulikula na ugali wa muhogo, sufuria moja, kila mtu anakata.

Noti ya jana ingeingia mfuko wa mtu mmoja kimyakimya. Jogoo aliliwa na watu wote wanaona, hata bosi kutoka Mwanza angetokea angekaribishwa kipande.

Basi wewe fanya hivi. Akija na kifurushi karibu na sikukuu mkaribishe ndani, mpe maji, mpe sahani ya pilau au sato na ugali ale amekaa, siyo amesimama mlangoni. Mama mkwe amsalimie na amshukuru kwa mdomo wake, kwa ile miwani, mwambie aivae kabisa kijana aone kazi yake imefika wapi. Kama ana haraka, na huwa wana haraka Desemba, mfungie kwenye kopo. Na kama hana kifurushi chako mwezi huo usimpigie simu aje kufuata zawadi, hapana, hapo umeshageuza. Tengeneza chapati zako, au hata zile keki ndogo za mtaani, peleka pale posta tarehe 23 au 24 uwakabidhi wote kwa pamoja, maana yule anayepanda mawe unamjua sura lakini kuna dada ndani huko aliyechambua mizigo usiku na kuna dereva aliyeitoa Dar, hao hakuna anayewakumbuka.

Na kile kitu cha tatu ni barua. Ndio, barua, ya karatasi. Andika kwa meneja wa posta wa mkoa, mistari mitano inatosha: mimi fulani wa Mabatini, mwaka huu nimeletewa vifurushi vitatu, namba zake hizi hapa, kijana wenu fulani alinipigia simu kwa heshima, akapanda mpaka mlangoni mara zote, hakuniomba kitu, nashukuru. Weka tarehe, weka sahihi, acha nakala moja umpe kijana mwenyewe. Hela yako ingeisha siku hiyohiyo. Hiyo karatasi inaingia kwenye faili lake, siku ya kupandishwa cheo au siku mtu akimsingizia jambo itakuwepo. Watumishi wetu wanaandikiwa malalamiko tu mwaka mzima. Na kama Desemba imekupita usijali, watu wa posta wana siku yao, tarehe 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, kwa sababu ndiyo tarehe ulipoanzishwa Umoja wa Posta Duniani kule Bern Uswisi mwaka 1874. Unaweza ukaipeleka siku hiyo.

Jambo la mwisho hili naligusa tu. Ikitokea siku mtu yeyote, huyu au mwingine, akakwambia kifurushi hakitoki mpaka utoe kitu, mwambie akupe kontrol namba ulipe upate risiti. Ushuru halali una risiti. Akikosa cha kukuonyesha, TAKUKURU namba yao ni 113 na ni bure.

SWALI: Shangazi mambo vipi. Mi mizigo yangu inakuja na basi, naifuata Nyegezi stendi au namtuma boda anifatie aniletee Buhongwa. Huyo boda nikimwongeza buku mbili sikukuu na yeye ni rushwa?
Kijana wa Buhongwa

JIBU: Poa mwanangu. Hapana, huyo mwongeze tu. Boda ni biashara yake mwenyewe, bei mmepatana, ukimzidishia ni bahashishi ya kawaida kama unavyomwachia chenji mhudumu wa hoteli. Hajaapa kumhudumia kila raia sawa. Ila kondakta na wale wa ofisi ya mizigo ya basi ni waajiriwa wa mtu, kwahiyo ukimpa mpe waziwazi, siyo ili mzigo wako uwekwe juu ya wa mwenzako. Na boda Desemba anapata ajali kweli kwa kukimbizana na oda, ukimwambia "usikimbie nakusubiri" umemsaidia zaidi ya hiyo buku mbili.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nafanya kazi posta huku kanda ya ziwa, napeleka vifurushi. Wiki iliyopita bibi mmoja mtu mzima sana, nilimpelekea mzigo wa mwanae, wakati anasaini kaweka sh. 5,000 katikati ya daftari langu la sahihi akalifunga. Nimekuja kuiona nimeshafika mbali. Nikiirudisha naona nitamdhalilisha, kwetu zawadi ya mkubwa hairudishwi. Nikikaa nayo silali. Nimeiweka kwenye daftari hapohapo sijaigusa. Naombeni ushauri.
Mtumishi, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marahaba baba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mama yako aliyekulea namtumia salamu.

Kwanza mwambie msimamizi wako leo, siyo kesho. Usiogope. Mwambie ilivyotokea kama ulivyoniambia mimi, kwamba umeikuta kwenye daftari baada ya kuondoka. Ukishasema wewe mwenyewe kwa hiari yako hiyo hela siyo siri tena, na wao ndo watakwambia utaratibu wa pale kwenu wa kuirudisha. Ikiwezekana omba uende na mwenzako mmoja.

Pili, ni kweli zawadi ya mkubwa hairudishwi mkononi kama deni, hapo uko sahihi na usiende kumnyooshea noti mlangoni jirani wanaona. Nenda umsalimie. Piga goti lako. Akikukaribisha kaa, akikupa uji kunywa, akikupa kiazi kula mbele yake, usikatae hicho kwa sababu hicho ndicho alichotaka kukupa tangu mwanzo, ni vile tu siku ile ulikuwa na haraka hukukaa akakosa cha kukupa zaidi ya hela. Alafu ukishakula mwambie: bibi, ile zawadi niliiona, nimeipokea moyoni, ila kazini kwetu haturuhusiwi kuichukua na mi bado nataka niendelee kukuletea mizigo ya mwanao. Mwambie kwa kumwonea haya kidogo, kama mjukuu. Wazee wetu wanaelewa sana ukiwaambia kwamba kitu kitakuponza, mara nyingi yeye mwenyewe ndo atanyoosha mkono aichukue haraka haraka na kukuombea dua juu.

Akikataa kabisa kuipokea usianze kuvutana nae. Rudi nayo ofisini, msimamizi wako aiandike, iishie huko kwa maandishi.

Na daftari lako tangu sasa likamate wewe wakati mtu anasaini, shikilia upande mmoja na kidole kwenye mstari, usiliachie mkononi mwake. Utakuwa umewaokoa na wengine wanaokusubiri njiani na noti zao za sikukuu. Nenda kabla mwezi haujaisha, na uende asubuhi kabla bibi hajaenda shamba.